Tope la Mwaka 1988

Nyumba ya wakwe zangu iko Ngamiani, katika zile barabara za Tanga zinazoitwa kwa namba, na ndani yake kuna chumba ambacho hakijalaliwa na mtu tangu nilipoolewa. Si kwamba kina mashetani. Kina Coastal Union.

Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa reli mchana na mtu wa Coastal saa zote zilizobaki. Hakutupa kitu chochote kilichowahi kugusana na klabu hiyo. Humo chumbani mna vishina vya tiketi, kurasa za Uhuru na Mzalendo zilizogeuka rangi ya chai, bendera nyekundu na nyeupe iliyotobolewa na mende, redio ya National isiyo na kifuniko cha betri, filimbi iliyopoteza kokwa yake, kiti chenye mguu mmoja mfupi, na picha ya wanaume waliojazana juu ya lori, wote midomo wazi, hakuna hata mmoja anayeitazama kamera. Juu ya vyote hivyo ilikuwapo jezi.

Jezi ni nyekundu, ukosi mweupe. Namba ya mgongoni imebanduka upande mmoja, kwa hiyo inaweza kuwa 3 au 8 kutegemea nani anasimulia, na jina la mchezaji aliyeivaa hubadilika vivyo hivyo: mume wangu ana jina lake, baba mdogo ana lake, watu wa barazani wana matatu. Wanachokubaliana wote ni kwamba ilivaliwa kwenye uwanja wa Mkwakwani siku ya mvua mwaka 1988, mwaka ambao Coastal ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, kwa mara ya kwanza na, hadi ninapoandika haya, ya mwisho. Ushahidi wa mvua ulikuwa palepale: tope kavu, la kahawia, kutoka bega la kushoto hadi kiunoni. Baba mkwe hakuruhusu liguswe. Wageni walionyeshwa tope kabla ya kukaribishwa maji.

Mimi si mtu wa mpira. Nimetoka Muheza, kwa mzee wa machungwa ambaye redio kwake ilikuwa ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo, basi, ikizimwa betri zinaanikwa juani. Mpira kwetu ulikuwa kelele za jirani. Ninayoyajua leo nimeyajua kama mwanamke anavyojua magonjwa ya ukoo aliolewako: Coastal ilianzishwa mwaka 1948, African Sports, Wana Kimanumanu, imeitangulia, ni ya mwaka 1936, na wiki ya mechi ya watani hao wawili usimpelekee mtu wa Sports kahawa kwenye baraza la Wagosi wa Kaya, yaani Coastal, maana itapoa hajaonjeshwa. Julai 2, 2022 nilikuwapo sebuleni wakati Coastal inacheza na Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho kule Arusha. Kijana mmoja, Abdul Suleiman anayeitwa Sopu, alifunga mabao matatu peke yake, mechi ikaisha 3–3, na bado kombe likaondoka na Yanga kwa penalti. Niliuliza kwa nia njema inawezekanaje mtu afunge matatu kwenye fainali na arudi nyumbani mikono mitupu. Nilijibiwa na rimoti iliyogonga ukuta. Rimoti hiyo nayo iko chumbani.

Mambo yalianza na simu kutoka Doha. Wifi yangu mkubwa anafanya kazi huko, na siku yake moja ya mapumziko alikwenda kutembelea makumbusho ya michezo yanayoitwa 3-2-1, yaliyofunguliwa mwaka 2022 pembeni mwa Uwanja wa Khalifa. Akatutumia video moja baada ya nyingine. Kumbi saba, sakafu inang'aa, baridi ya kiyoyozi unaiona hata kwenye simu. Kuna mienge ya Michezo ya Olimpiki imesimamishwa kwa safu, kuanzia ule wa Berlin mwaka 1936. Wifi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kujua mpira ni wa duara au wa pembe, alisikika nyuma ya kamera akisema, "Jamani, hata kiatu kimewekewa taa yake."

Mume wangu aliitazama ile video ya kiatu amelala chali kitandani. Akairudia. Akakaa.

"Mke wangu, na sisi tunayo."

"Tunayo nini?"

"Makumbusho."

Nikamwambia tulichonacho ni chumba ambacho watoto wangeweza kulala badala ya kubanana watatu kitanda kimoja. Hakusikia. Wifi angekuja Idi kubwa na familia yake, ndugu wa Pangani nao wangefika, na mume wangu alikwisha kuamua kwamba siku hiyo chumba cha baba kitafunguliwa rasmi, kila kitu na maelezo yake. Maelezo niandike mimi, kwa kuwa nafundisha darasa la nne na mwandiko wangu unasomeka. Ndivyo mtu asiyejua mpira alivyofanywa mwandishi wa historia ya mpira wa Tanga.

Ili tujue makumbusho hupangwaje, tulikwenda Boma. Mjini Tanga, karibu na bahari, lile jengo la zamani la utawala wa Wajerumani sasa ni makumbusho ya Urithi, na mimi nililifurahia kuliko nilivyotarajia. Nasimama mbele ya picha ya zamani ya mji naangalia nani kavaa nini, duka gani lilikuwa wapi, mti gani ulikatwa. Habari za mkonge zinanishika zaidi kuliko za vita, ingawa vita vya Tanga vya Novemba 1914 si vya kupuuza: jeshi kubwa la Waingereza lililotoka India lilishuka pwani yetu, likapigwa na kikosi kidogo cha Wajerumani na askari wao, na nyuki nao wakaingia vitani pasipo kuitwa na upande wowote. Lakini mkonge! Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yote yale yanayoonekana ukiwa kwenye basi la Korogwe yametoka kwa wale walionusurika. Nilikuwa bado nawaza hao 62 nilipogundua mume wangu amekwisha kuzunguka vyumba vyote na ananisubiri mlangoni, akiangalia saa.

"Umeona wanavyoyaweka maelezo?" akaniuliza. "Mafupi. Tarehe, jina, basi. Wewe usituandikie insha."

Hapo ndipo tulipotofautiana, na tofauti hiyo haijaisha. Nimewachunguza watu wa mpira wanapoingia chumba kile: husimama mbele ya kitu, hukitambua, hutikisa kichwa, hupita. Wanakuja kuona wanachokijua. Asiyejua hana haraka hiyo, naye ndiye huuliza: hii ilinunuliwa kwa shilingi ngapi, nani alishona hapa, huyu wa pembeni asiyecheka ni nani. Mume wangu hakuwa na jibu hata moja la maswali hayo. Mama mkwe alikuwa nayo yote.

Basi nikawa napeleka vitu jikoni kimoja kimoja. Mume wangu akiwa kazini bandarini, mama anachambua mchele, mimi nashika daftari. Picha ya lori: mume wangu alikuwa ameniamuru niandike "Mashabiki wa Coastal safarini." Mama akaitazama kwa jicho moja. "Huyu alikwenda na viatu vya kaka yake, wakagombana mwaka mzima. Huyu mkewe alikuwa anaumwa. Huyu aliuza baiskeli." Baiskeli! Tanga, mji wa baiskeli, mtu auze baiskeli afuate timu. Redio: "Ile haikuharibika. Baba yenu aliing'oa kifuniko siku Ahmed Jongo alipotangaza bao la kina Simba, akakitupia kuku." Kiti chenye mguu mfupi nilidhani kilikatwa na fundi. "Alikirukia." Vishina vya tiketi mume wangu alikuwa ameshavibandika kwenye ubao, bei juu. Nikavibandua viwili, nyuma nikakuta mwandiko wa kalamu ya risasi, mwandiko wa mama: mafuta ya taa, sukari nusu, chumvi, dawa ya mtoto. Nilitaka vibandikwe upande huo. Mume wangu akasema watu hawatoki Pangani kuja kusoma orodha ya chumvi.

Sijui kwa nini wasitoke. Nilijaribu kumweleza kwamba mwaka ule wa ubingwa ulikuwa mwaka mbaya kwa Tanga. Baba yake alikuwa fundi wa reli iliyojengwa kubeba mazao ya ukanda huu, na mkonge ambao mwaka 1964 ulikaribia tani 230,000 nchi nzima, mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umeshuka chini ya tani 40,000. Mabehewa yanapita matupu, mshahara unachelewa, na mji mzima umejaa Mkwakwani unaimba. Hilo kwangu linastaajabisha kuliko bao lolote. Walipata wapi nauli? Ukigeuza tiketi, jibu liko nyuma yake. Lakini nilikwisha kuambiwa nisiandike insha.

Wakati huo mume wangu alikuwa amezama kwenye elimu ya uhifadhi. Alisoma kwenye intaneti kwamba nguo za zamani hazitaki jua. Makumbusho makubwa huziwekea mwanga hafifu, lux 50, ambao ni giza lililochangamka kidogo tu. Akapigilia mapazia mazito. Akasoma kwamba nguo isining'inizwe, ilazwe, mikunjo yake ijazwe karatasi maalumu isiyo na asidi. Karatasi hiyo Tanga hakuipata, akatumia mashuka mapya meupe niliyokuwa nimeyaweka kwa ajili ya wageni. Akatawanya naftalini hadi paka akahama. Na akasoma, akanisomea kwa sauti, kwamba kanuni kuu katika jezi za mashujaa ni moja: uchafu wa mchezo haufuliwi. Tope, jasho, damu, majani, vyote hivyo ni sehemu ya kitu chenyewe. Ukivitoa umebaki na kitambaa.

Akaiandikia jezi onyo kwa wino mwekundu: USIGUSE.

Mama mkwe aliingia jioni moja kutafuta ungo wake. Mapazia yamefungwa, taa moja dhaifu, harufu ya naftalini, na katikati ya chumba meza imefunikwa shuka jeupe na juu yake kitu kimelazwa mikono pande mbili. Alisimama kizingitini, akavuta mtandio.

"Inna lillahi. Mmemlaza nani humu?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alisogea, akaitazama jezi kwa muda mrefu kuliko mshabiki yeyote niliyemwona, akatoka bila ungo.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Niliporudi kutoka shule nilimkuta mama uani kwenye kigoda, beseni mbele yake, maji ya beseni yana rangi ya mto Pangani wakati wa masika. Sikuhitaji kuuliza. Alikuwa amekwisha kuisuuza mara ya pili na anaikamua, kwa mikono ile ya wanawake wa zamani ambayo hainyongi nguo bali huifanya itii. Akaikung'uta, matone yakanifikia, akaianika kambani kati ya kanga na foronya.

"Nguo chafu haikai nyumba ya watu wanaoswali," akasema. "Na sabuni haikutaka hata mbili. Ni udongo tu."

Nyekundu ile! Sikujua kama ilikuwa nyekundu kiasi kile. Na namba, ilipotakata, ilionekana wazi kwamba si 3 wala 8. Ilikuwa 6.

Mume wangu aliingia saa kumi na moja, akaegesha baiskeli, akapita chini ya kamba akiinamisha kichwa. Akageuka nyuma.

"Jezi ya nani hii? Nzuri."

Mtoto wetu wa mwisho, ambaye hajui bado kwamba kuna maswali yasiyojibiwa haraka, akasema, "Ya babu."

Sitaeleza dakika zilizofuata. Inatosha kusema kwamba mama ni mama, na mwanamume wa Tanga aliyelelewa vizuri hampandishii mama yake sauti. Kwa hiyo sauti yote aliipandishia kamba, akaikata. Nguo zangu zote zikaanguka chini.

Baada ya magharibi likaitwa baraza la ukoo. Baba mdogo alikuja kutoka Chumbageni kwa bodaboda, na nyuma yake watu wa barazani kama kawaida, waliosema wamekuja kutoa pole. Mmoja alimshika mume wangu mkono wa rambirambi kabisa. Baba mdogo, ambaye ana kisa kwa kila msiba, alijaribu kumfariji kwa Kombe la Dunia lenyewe, lile la zamani la Jules Rimet. Mwaka 1966 liliibwa London, likaja kuonekana limefungwa gazeti chini ya ua wa nyumba ya mtu, na aliyelikuta alikuwa mbwa, jina lake Pickles. Brazil wakalichukua moja kwa moja mwaka 1970. Mwaka 1983 likaibwa tena Rio, na safari hii hakuna mbwa aliyelinusa. Halijaonekana hadi leo. "Sasa mwanangu," akasema, "Brazil nzima imepoteza kombe na inaendelea kula. Wewe umepoteza tope."

Mtu mwingine akasema mpira na sabuni ni ndugu tangu asili, na hapo nilitega sikio, maana alikuwa sahihi. Kombe la kwanza kubwa la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1926 kwa Kenya na Uganda na ambalo Tanganyika iliingia mwaka 1945, lilikuwa Kombe la Gossage, na Gossage lilikuwa jina la kiwanda cha sabuni cha Uingereza. Miaka yote ile wanaume walikuwa wakigaragazana matopeni kugombea zawadi ya muuza sabuni. Ndiyo mashindano ambayo mwaka 1967 yaligeuzwa kuwa Chalenji na baadaye yakawa ya CECAFA. Nilimwomba asimulie zaidi niandike. Mume wangu alinitazama kama msaliti.

Yeye alikuwa na mpango. Siku ya pili akarudi na mfuko wa rambo umefungwa fundo, akautua mezani kwa heshima. Udongo wa Mkwakwani. Alivyoupata hakusema, na mimi sikudadisi. Nia yake ni kuuchanganya na maji ya mvua, aipake jezi upya, bega la kushoto hadi kiunoni, akifuata picha iliyokuwa kwenye simu yake. Wazee wa barazani wakaushika udongo, wakauponda kwa vidole, wakaunusa. Mmoja akasema huu una mbolea, wa zamani haukuwa hivi. Mwingine akasema rangi yenyewe sio. Wa tatu akauliza kama si dhambi. Ubishi ukafika mahali pa kupimana nani alianguka zaidi katika uwanja ule ujanani, na mmoja akaanza kukunja suruali aonyeshe kovu.

"Mwacheni aipake," mama mkwe akasema kutoka jikoni. "Lakini kwanza ajue anapaka nini."

Akaja akakaa. Kanga begani, mikono mapajani. Alimtazama mwanawe, si wazee.

Mwaka ule, akasema, mume wangu alikuwa mchanga, hajafikisha arobaini. Pesa ya akika ilikuwa imeshawekwa, imefungwa kwenye pindo la kitambaa, chini ya godoro: mbuzi wawili, maana ni mtoto wa kiume. Timu ikaenda Dar es Salaam. Baba naye akaenda. "Mbuzi wako wawili," mama akamwambia, "walipanda lori kwenda Dar, wakarudi vishina vya tiketi." Wiki mbili baadaye, mechi ya Mkwakwani, mvua, baba anarudi usiku amevaa hiyo jezi juu ya shati lake, amepewa, amenunua, ameipokonya, hajui mtu. Anaimba. Mtoto analia. Akaivua, akaitupa kwenye beseni la nguo.

"Nikaitoa. Nikamwambia, nitafua nepi, nitafua shuka, nitafua msuli wako. Cha Coastal sikifui mpaka nione mbuzi."

Ikakaa kwenye kigoda juma zima. Baba hakuwa mtu wa kushika beseni, na uani kuna majirani. Akija anaitazama, mama haitazami. Mwisho akaja rafiki yake mmoja, akaiona, akauliza mbona hii haifuliwi. Na baba mkwe, fundi wa reli, mtu mwepesi wa akili, akajibu papo hapo kwamba hii si nguo tena, hii ni kumbukumbu.

"Alipoona sifui," mama akasema, "akatangaza haifuliwi."

Hakuna aliyekohoa. Yule mwenye kovu aliteremsha suruali yake taratibu.

"Kwa hiyo akika yangu?" mume wangu akauliza, mtu mzima mwenye ndevu.

"Ilichinjwa. Ulikuwa unakimbia, ulimfukuza mbuzi mwenyewe. Lakini hapo tope lilikwisha kuwa na sifa mjini, nikaliacha. Alipofariki nikamsamehe yote, na hilo. Ila kila nikipita mlangoni naliona. Sasa dada yako anakuja na watu wake, waje waone mume wangu alikuwa na mke asiyefua?"

Jezi haikupakwa. Udongo wa Mkwakwani mama aliutia kwenye kopo la mrehani, na mume wangu, kwa kuwa hana pengine pa kuutoa uchungu wake, akaniambia niandike maelezo mapya, marefu nipendavyo. Nikaandika. Mbuzi wawili nikawaweka sentensi ya kwanza. Vishina vya tiketi nikavigeuza upande wa chumvi na mafuta ya taa, na hakusema neno.

Idi ikafika. Wifi alitoka Doha na masanduku matatu, akaingizwa chumbani kabla ya kuvua viatu vizuri. Alisoma maelezo ya jezi, akarudia kuyasoma, akamwita mama, akataka asimuliwe kwa mdomo. Ndugu wa Pangani wakataka na wao. Wanaume waliingia, wakaona jezi safi, wakauliza tope liko wapi, wakaambiwa, wakatoka kimya. Wanawake waliingia wasitoke. Jirani wa nyumba ya tatu, ambaye miaka yote hajawahi kukanyaga chumba kile, alirudi kwake akaja na sufuria lililobonyea kitako: mumewe alilipiga kama ngoma njia nzima kutoka uwanjani, ndilo lililokuwa sufuria lake pekee la wali. Mwingine akaleta kanga iliyochanwa pande mbili kufanywa bendera. Mama mkwe akawa anapokea, anauliza mwaka, ananiagiza niandike. Mume wangu alinivuta pembeni akanong'ona kwamba hii haikuwa makumbusho ya mpira tena, ilikuwa mahakama ya kadhi.

Jioni akaja shemeji yetu, aliyemwoa wifi mdogo, mtu wa African Sports wa damu. Alizunguka chumba chote mikono nyuma, akasoma kila karatasi, kisha akaenda kumwinamia mama mkwe kwa adabu.

"Shikamoo mama. Nimeona mmebakiza kona ile ya dirishani. Na sisi Kimanumanu tuna vitu vyetu. Ninayo jezi, haijaguswa maji tangu enzi hizo."

"Marahaba, baba," mama akasema. "Kona ipo. Mlete mkeo kwanza."